Rafiki Yangu Alipoacha Kutuma Sauti

Kwa miaka saba rafiki yangu alinitumia sauti yake kila asubuhi. Hakuwa mtu wa kuandika. Alisema vidole vyake ni vya kuanika dagaa, si vya kubonyeza herufi ndogo kama siafu. Alikuwa akiishi Kagunga, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, alikoolewa na baadaye akafiwa na mume. Mimi niko Ujiji, nashona nguo barazani kwangu, hasa sare za shule. Saa moja kasoro simu ililia, nikaiegemeza kwenye cherehani na kusikiliza huku natunga uzi.

"Bwakeye, yewe," yaani umeamkaje, wewe, ndivyo alivyoanza siku zote, Kiha kikitangulia, Kiswahili kikifuata nyuma. Kisha habari. Dagaa wa jana wamenyeshewa. Jirani kajifungua mapacha. Kuku kataga juu ya kitanda, na yeye mwenyewe kalilalia yai. Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakipiga mchanga, watoto wa watu wakigombana, na yeye mwenyewe akikohoa kile kikohozi chake cha moshi. Nami nilimjibu kwa habari za kwangu: mteja aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua gauni, au mume wangu, mwalimu mstaafu, anayebishana na redio kama vile mtangazaji anamsikia. Mtu mwingine angesikiliza voisi zetu angeuliza, sasa hapa mmeambiana nini? Lakini siku ambayo sikuisikia sauti hiyo, hata chai haikuwa na ladha.

Tulikutana sekondari mjini Kigoma, tukapangwa dawati moja. Yeye alitoka Kidahwe, kwao Wakristo, wakulima. Mimi wa Ujiji, kwetu Waislamu. Likizo tuligawana: Idi alikuja kwetu, Krismasi nilikwenda kwao, na mama yake alimwita mzee mmoja Mwislamu wa jirani achinje kuku wa sikukuu ili na mimi nile.

Krismasi ya kidato cha pili mama huyo alitukabidhi jogoo wa sikukuu tumfunge mguu. Tulimfunga kwa uzi wa sweta. Akaukata, akapotelea migombani. Tulimtafuta mpaka miguu ikachanika. Rafiki yangu, kwa kuogopa fimbo, alichukua kitenge chake kipya, zawadi ya shangazi yake, akakibadilisha kwa jirani na jogoo mwingine mwekundu kama yule. Siku ya sikukuu tulikula, mama akaisifu nyama. Kesho yake, watu wamekaa uani, jogoo wetu akatoka migombani anatembea kwa maringo, kipande cha uzi kikining'inia mguuni. Rafiki yangu alimrukia na kumfunika kwa kapu kabla mama yake hajageuka. Hatukumwambia mtu yeyote, si waume zetu, si watoto wetu. Ila kila Desemba mmoja wetu alimuuliza mwenzake, "Jogoo karudi?" Na jibu lilikuwa lile lile: "Karudi na uzi wake."

Mwaka alioacha kutuma sauti, mvua za vuli zilianza kwa fujo. Asubuhi moja ya Novemba simu haikulia. Ya pili, kimya; nikamtumia voisi nikimsimulia ugomvi mwingine wa mume wangu na redio. Siku ya tatu uliingia ujumbe wa maandishi.

"Habari za asubuhi dada. Mimi ni mzima namshukuru Mungu. Simu yangu imeharibika maiki, kwa hiyo nitakuwa naandika tu."

Nilifurahi, kisha nikausoma tena. Dada? Katika miaka zaidi ya thelathini hakuwahi kuniita dada. Aliniita yewe, aliniita mwenzangu, akikasirika aliniita mke wa mwalimu. Nikajiambia labda maandishi yanamtia mtu adabu. Nikamjibu kwa sauti, kama kawaida, nikampa habari zangu zote.

Siku zikaenda. Kila nilipotuma voisi, jibu lilikuja limeandikwa vizuri, na nukta na mkato mahali pake. "Pole na kazi dada." "Tunashukuru Mungu, mvua ni nyingi." Nikiuliza kuhusu goti lake, nilijibiwa goti halijambo. Nikiuliza dagaa, dagaa wapo. Hakuna jirani aliyejifungua, hakuna kuku aliyefanya maajabu. Nikipiga, simu iliita mpaka ikakata, kisha ujumbe: "Samahani dada, mtandao wa huku unachanganyika na wa ng'ambo, hausikiki."

Hilo la mtandao lilikuwa kweli, Kagunga simu hushika minara ya Burundi. Ndiyo maana ilinichukua wiki tatu nzima kukiita kile kitu kilichonisumbua kwa jina lake. Ilikuwa hofu. Nilikuwa nakata kola za mashati, mkasi ukasimama wenyewe mkononi, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Huyu si yeye."

Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye gazeti. "Nani si yeye?"

Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, ni mtu wa haki, kisha akasema, "Watu hubadilika wakizeeka. Na wewe una presha. Unajitafutia maradhi bure."

"Basi nitamuuliza kitu kimoja tu."

Niliandika, safari hii sikutuma sauti: "Jogoo karudi?"

Simu niliiweka juu ya kitambaa nikaitazama. Nilitaka sana kuaibika. Nilitaka mume wangu anicheke mpaka Mwaka Mpya. Baada ya kama nusu saa jibu likaja.

"Jogoo yupi dada? Siku hizi hatufugi kuku."

Nilimpa mume wangu simu asome, lakini yeye hakuijua habari ya jogoo, kwa hiyo ilinibidi nimsimulie pale pale, siri ya miaka yote ile. Hakucheka. Akasema, "Labda simu imeibiwa."

Mwizi wa simu hutaka kitu. Huyu hakuniomba chochote. Kila asubuhi alinitakia kazi njema. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilianza kufikiri mambo ambayo sikuweza kumwambia hata mume wangu: kwamba amekufa na wamemzika bila kuniita, kwamba kuna mtu amemfanyia ubaya na anataka watu waamini bado yupo. Na mimi, kwa wiki tatu, nilikuwa nimemsimulia mtu huyo habari za nyumba yangu yote.

Kesho yake nikaenda Kibirizi, kwenye soko la dagaa, ambako boti za vijiji vya kaskazini hupakia na kupakua. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, maji yalishakula vibanda vya chini, na wachuuzi walibanana juu kwenye kipande cha nchi kavu kilichobaki. Nikauliza nani wa Kagunga. Nikaonyeshwa mama mmoja mnene aliyekuwa anashona magunia. Nilipomtajia rafiki yangu, sindano yake ilisimama.

"Yule mjane wa nyumba ya karibu na kanisa? Huyo sijamwona ufukweni tangu mvua zianze."

"Ni mgonjwa?"

"Mimi siwezi kusema ya nyumba za watu, mama," akasema, akaishika tena sindano yake. "Nenda mwenyewe."

Nenda mwenyewe. Aliyasema kwa wepesi, hakujua anamwambia nani. Nimezaliwa nalisikia ziwa, lakini kupanda boti siwezi. Mjomba wangu aliondoka na boti nikiwa na miaka tisa, na kilichorudi ni kasia tu. Kwa hiyo katika urafiki wetu wote, rafiki yangu ndiye aliyesafiri kuja kwangu. Kwake nilikuwa nimekwenda mara moja tu, siku ya harusi yake, na njia nzima nilifumba macho.

Hata hivyo, kesho yake nilikwenda, na boti ya Kagunga iliondoka saa sita mchana. Ilikuwa ya mbao, ndefu, imejaa magodoro, kreti za soda, na watu waliokaa juu ya kila kitu hicho. Mume wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa, mgongo wake hauwezi mbao zile. Alinifunga boya kifuani mwenyewe, akavuta kamba mara tatu, akashuka bila kusema neno.

Mpaka milima ya Gombe mambo yalikuwa mazuri. Niliwaona nyani wakitembea ufukweni kama wenye mji. Kisha upande wa Kongo ukawa mweusi. Nahodha alipaza sauti turubai likunjuliwe, na kabla halijatufikia upepo ulitangulia. Boti iliinuka, ikaanguka, ikainuka. Maji yaliingia ya baridi, yakalowesha magodoro, kijana mmoja akaanza kuyachota kwa dumu lililokatwa. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alitapika mapajani mwake. Mimi nilisoma kila dua niliyofundishwa, nilipomaliza nikaanza upya, na katikati ya dua nilimkasirikia rafiki yangu. Nilimwambia moyoni, kama uko mzima na umenifanyia utani, wallahi sitakusamehe. Halafu nikaomba iwe utani.

Nahodha alituingiza kwenye ghuba moja tukangoja. Upepo ulipokwisha tuliendelea, na kama saa kumi na moja tukafika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, nyumba zimepandana. Nikaulizia nyumba, nikaelekezwa. Nilipofika kwenye ua wa matete nilisita. Nikatoa simu kwenye pochi, nikapiga namba yake.

Simu ililia ndani ya ua.

Nikasukuma mlango. Mbele yangu alisimama mwanamke kijana, mjamzito, anapepeta mchele. Simu ilikuwa inalia kiunoni mwake, kwenye fundo la kitenge. Aliitazama, akanitazama, akaona simu sikioni mwangu. Ungo ukamtoka mkononi, mchele ukamwagika chini.

"Wewe ndiye unayeniandikia?" nikamuuliza.

Akapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Nakuuliza, wewe ndiye? Yuko wapi mwenye simu?"

"Mimi ni mkwe wake. Nisamehe mama. Yuko nyuma, yuko hai."

Sikungoja zaidi. Nilimpita, nikazunguka nyumba. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemezwa ukutani kwa mito. Alikuwa amekonda. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka kama pazia lililong'oka msumari, na mkono wa kulia ulilala mapajani, umegeuka kiganja juu. Macho yalikuwa yake. Aliponiona yalifunguka yakajaa maji, akavuta pumzi, midomo ikahangaika.

"Sahani," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikakaribia kucheka.

"Sahani," akasema tena, kwa nguvu, akinyoosha mkono wa kushoto. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, nikaona anajua kwamba neno silo. "Sahani, sahani." Alikuwa na hofu kuliko mimi.

Nilikaa kwenye mkeka nikamshika. Tulilia mpaka mkwe wake alipokuja na maji ya kunawa uso.

Habari yenyewe aliisimulia huyo mkwe. Asubuhi ile ya kwanza ya kimya, rafiki yangu alianguka ufukweni akianika dagaa. Alipozinduka hakuweza kusema ila neno hilo moja. Mhudumu wa zahanati alisema ni kiharusi, apelekwe hospitali Kigoma haraka. Mwanawe alikuwa kambi ya uvuvi kusini, hapatikani. Walipombeba hadi kwenye boti, rafiki yangu alipiga kelele, akajitupa mchangani, akakataa. Yeye, aliyevuka ziwa hilo kama mtu anavyovuka barabara! Nafikiri aliogopa kufia majini bila uwezo wa kuita. Wakamrudisha nyumbani. Mzee mmoja akaleta dawa za kuchua, na wiki zikapita.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza yule binti. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha.

Alitazama tumbo lake. "Siku ya pili voisi yako iliingia. Nikamfungulia. Ulikuwa unasimulia baba alivyogombana na redio. Mama mkwe alicheka, mama. Alikuwa hajafungua macho siku nzima, akacheka upande mmoja. Nikasema moyoni, nikikwambia ukweli utalia, na mama mkwe atakusikia unalia. Kesho yake nikaandika uongo. Ukatuma nyingine. Nikashindwa kuacha."

Mpaka leo siwezi kusema kama ningefanya tofauti. Ila wiki tatu zile zilikuwa za dawa na daktari, nasi tulizitumia kwa hadithi. Yeye alikuwa na umri wa binti yangu wa mwisho, peke yake katika nyumba ile, mume yuko majini. Na yeye aliogopa.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia rafiki yangu kwamba tunakwenda Kigoma. Alianza kutikisa kichwa. Nikamwambia, "Nitazame mimi. Mimi nimepanda boti jana. Mimi! Katika dhoruba, na nimelowa hadi sidiria." "Ego," akasema. Ndiyo, kwa Kiha. Lilikuwa neno lake la pili, nalo lilikuwa mahali pake. Mkwe wake akaweka mkono mdomoni.

Tulimlaza kwenye godoro kati ya magunia. Ziwa lilitulia siku ile, lakini mimi sikuliamini, nilitazama kila wingu. Mkono wake wa kushoto ulinibana kidole gumba njia nzima, na kila injini ilipobadilisha mlio, alibana zaidi.

Hospitalini daktari, mwanamama mpole, alimpima, akaandika dawa za presha, akatueleza bila kutuficha. Mkono huenda usirudi kama zamani. Maneno yatarudi, lakini polepole, na yatarudi ovyo. "Zungumzeni naye kila siku habari za kawaida," alisema. "Na msimmalizie sentensi. Mwacheni ahangaike." Nilipomuuliza kama kiharusi kinaweza kumrudia, alisema kinaweza. Hilo alilisema kwa sauti ile ile aliyosemea mengine.

Nikamleta Ujiji pamoja na mkwe wake. Krismasi ile ilifanyika nyumbani kwangu, nyumba ya Kiislamu, mume wangu akienda Kigoma mjini kutafuta kitabu cha nyimbo za kanisa ili mkwe amwimbie. Nilipika migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese kwa sababu nyama ilimshinda kutafuna. Mtoto wa mkwe alizaliwa Januari, chumba cha pili, wa kiume. Sare za watu zilichelewa, wazazi wakanisema.

Miezi hiyo minne sikuwa na amani. Kila alfajiri nikiamka kuswali nilipita kwanza mlangoni kwake kutazama kanga yake kama inapanda na kushuka. Akinyamaza katikati ya chakula nilimwangalia mdomo. Siku moja aliangusha kikombe, nami nikapiga yowe majirani wakaja. Yeye alinikodolea macho, akatafuta neno, akalipata: "Mjinga." Majirani walicheka. Mimi nilichukua ufagio nikazoa vipande vya kikombe.

Maneno yalirudi kama daktari alivyosema, ovyo. Neno "baridi" lilirudi kabla ya "maji". Jina la mwanawe lilirudi baada ya jina la mbwa waliyemfuga zamani. Mguu ulipata nguvu, akatembea kwa fimbo hadi barazani, akakaa karibu na cherehani, akinitungia uzi kwa mkono mmoja, sindano imechomekwa kwenye mto.

Mwezi wa nne mwanawe alikuja kuwachukua. Nilimwomba rafiki yangu abaki. Nilimwambia huku hospitali iko karibu, huko kuna nini? Alitafuta neno, nami sikummalizia.

"Kwangu," akasema.

Kibirizi alikataa kubebwa. Alishikwa kiwiko tu, akaingia botini mwenyewe, akakaa akitazama mbele. Mkwe alipakata mtoto. Nilisimama pale mpaka mchuuzi mmoja aliniomba nisogee, nimemzibia njia. Jioni mkwe alinipigia kwamba wamefika salama. Aliniambia kwa sauti, hakuandika.

Sasa ni mwaka na zaidi. Rafiki yangu ananitumia tena voisi, ameshika simu kwa mkono wa kushoto. Zamani zilikuwa dakika tano, sasa ni sekunde ishirini, na nyingi ni pumzi. Leo ilisema: "Mvua... jana. Mtoto ana... jino. Nimekunywa dawa. Wewe?"

Nilimjibu kirefu. Nilimwambia jino la mume wangu nalo limetoka, lakini la kwake halitaota tena. Nilimweleza bei ya vitambaa na mteja aliyeleta suruali ya marehemu baba yake niipunguze. Sikumwambia kwamba voisi yake ilichelewa, kwamba ilipofika saa mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa buibui, nimeshika pochi, namuuliza bodaboda wa jirani kama anaweza kunifikisha Kibirizi kabla boti hazijajaa.